Mayai ya Mende Ndani ya Redio ya Marehemu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nawajua. Mende akipita ukutani mnapiga yowe, mnamrukia na kiatu, mnamtupa nje, halafu mnarudi kwa simu zenu mkidhani mmesafisha nyumba. Huyo mliyemuua ni mzee. Alikuwa anatembea tu. Wale watakaowasumbua bado hawajazaliwa, na mahali walipo hamjawahi kuangalia. Kwa hivyo kaeni chini niwaambie, na msinikatize.

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule nikijua kuandika jina langu na kusoma Biblia polepole. Haya ninayaandika kwa mkono wangu, na mjukuu ananisaidia kuweka koma. Anapenda koma sana huyo mtoto.

Nilizaliwa upande wa Bungoma, katika nyumba ya udongo, na mambo ya wadudu nilifundishwa na mama yangu kabla sijafundishwa kupika. Mama hakufukuza mdudu. Alitafuta yai. Kiroboto, alisema, anataga juu ya mbwa, lakini yai lake halishiki nywele kama la chawa. Linaanguka. Basi ukitaka kumaliza viroboto, achana na mbwa kwanza, nenda pale mbwa alipolala, ukwangue vumbi lile lote ulitupe mbali, halafu ukandike sakafu upya kwa samadi na jivu. Kunguni naye anapenda kiungo, pale mguu wa kitanda unapokutana na ubao, au tundu la msumari, au mshono wa godoro. Mayai yake ni meupe, madogo kuliko chembe ya sukari, na yamegandishwa. Tulikuwa tunatoa vitanda nje, mama anamwaga maji yanayochemka, mimi nachokoa mshono kwa sindano ya gunia. Mikono ilikuwa inauma. Nilikuwa nalia, na mama ananiambia nilie huku nachokoa.

Nilipoolewa Kitale, kwenye shamba la upande wa barabara ya Kachibora, nikakuta wadudu wengine. Huko ni mahindi. Fukusi anatoboa punje, anaweka yai ndani, halafu anaziba lile tundu vizuri kama fundi wa plasta, hata uangalie punje kwa jua huoni kitu. Unaweka gunia zima ukifurahi, baadaye unasikia gunia linanong'ona. Ndiyo maana sikubali mahindi ya mtu mwingine yakae ghalani pamoja na yangu kabla sijayaanika na kuyapepeta mwenyewe. Watu wanasema nina roho ngumu. Roho yangu iko sawa, na mahindi yangu pia.

Na tulikuwa na siafu. Msimu wa mvua walikuwa wakipita, jeshi zima, wanaingia mlango wa mbele. Marehemu mume wangu alikuwa anataka kuwamwagia mafuta taa. Nikamwambia, waache. Tukatoa watoto, tukatoa kuku, tukakaa kwa jirani tukinywa chai mpaka siafu walipomaliza. Tuliporudi hapakuwa na mende, wala buibui, wala yai la kitu chochote. Nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuisafisha mimi. Mume wangu akasema, "Hawa tungewaandika kazi."

Mjukuu wangu mmoja, wakati nikisimulia haya, aliniuliza panya anataga wapi.

"Panya hatagi," nikamwambia. "Panya anazaa, kama mimi."

"Sasa Kukhu, wewe na panya mko kundi moja?" Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Nikamrushia kiatu.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za binti yangu wa mwisho.

Huyo aliolewa Bungoma mjini, kwa kijana ambaye mama yake anaishi Webuye. Walifanya harusi kanisani, wakapanga nyumba nzuri ya mawe yenye stima na maji ndani. Kijana ni mpole na anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama mkwe wa binti yangu ni mama mmoja mrefu, mkimya, msafi sana. Kabla hajaketi kwenye kiti cha mtu anakipangusa kwa ncha ya leso, hata kama kiti kimetoka kupanguswa mbele ya macho yake. Nilipomwona akifanya hivyo siku ya mahari nilimpenda na nikamwogopa kwa pamoja. Nikajiuliza binti yangu ataishi vipi na jicho kama hilo.

Basi binti yangu alipokuwa mjamzito, amekaribia kabisa, akanipigia simu analia. Mimi sipendi kulia kwa simu. Nikamwambia anyamaze kwanza ndiyo aongee.

"Mama, nyumba imejaa mende."

"Na ndiyo unalia?"

"Mama mkwe anakuja. Atakaa na mimi mpaka nijifungue. Ndiye atapika kwa jikoni yangu."

"Puliza dawa."

"Nimepuliza mpaka mimi mwenyewe nimekohoa. Nimechora chaki ya dawa kwa mlango, kwa dirisha, kwa kila mahali. Wanakufa, wanaisha kabisa, nafurahi. Halafu wanarudi wadogo wadogo."

Hapo ndipo nilielewa. Wakirudi wadogo, hawajatoka kwa jirani. Wamezaliwa hapo hapo. Dawa ya kupuliza inaua anayetembea, lakini yai la mende limefungwa katika kifuko, na kifuko kile ni kigumu, dawa haipiti.

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamuuma hasa. Mara ya kwanza mama mkwe alipomtembelea, binti yangu alimletea chai, na kabla hajaimimina mende mdogo akatembea juu ya kisahani. Mama yule hakusema neno juu yake. Alimpangusa yule mende, akainua kikombe, akakigeuza kifudifudi juu ya kisahani, akasema ameshiba. Tangu siku ile binti yangu hakulala vizuri.

"Alinyamaza, Mama. Angenitukana ningepona. Sasa atakuja kukaa, atawaona wote, na atasema mtoto wake alioa uchafu kutoka Kitale. Atamshika mtoto wangu akiwaza hivyo."

Mimi nilisikia lile neno Kitale. Kama msichana ni mchafu, watu hawaulizi yeye ni nani. Wanauliza alilelewa na nani. Na kuna mtoto mchanga tena. Mende anapenda maziwa yaliyokauka kwenye midomo ya mtoto aliyelala. Nikamwambia, "Nakuja. Chemsha maji."

Sasa nyinyi vijana mtacheka, lakini kulikuwa na shida moja. Kwetu mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake kama bado hajaingizwa rasmi, na mimi nilikuwa sijaingizwa. Hatupeani mkono na mkwe, hatukai kiti kimoja, tukikutana njiani mmoja anapinda. Watu wa mjini wameacha mambo hayo. Mimi sijaacha. Heshima hiyo ndiyo imefanya nisigombane na mkwe hata mmoja, na ninao kadhaa.

Kwa hivyo nilipofika nikaweka kiti uani, karibu na kamba ya kuanika nguo, nikakaa. Nyumba sikuingia. Binti yangu akatoka na tumbo lake, anapepesuka kama bata.

"Mama, utawasakaje mende ukiwa nje?"

"Nyumba itanijia. Toeni kila kitu."

"Kila kitu?"

"Mpaka kalenda."

Mkwe wangu alikuwa hajaenda kazini siku hiyo. Yeye ndiye alibeba vizito. Kila alipotoka mlangoni na kitu alikuwa anageuza uso upande wa tangi la maji, na mimi nageuza kiti upande wa ua. Akishaingia, nageuka tena. Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Akitaka kusema na mimi anamwambia mke wake, ingawa sote tunasikiana.

"Mwambie mama kabati hii ni nzito, haitapita."

"Mwambie aondoe droo kwanza."

"Amesema uondoe droo."

"Nimesikia."

Jirani mmoja alikuja akaegemea ua, akaona makochi, meza, sufuria na godoro vyote viko kwenye nyasi. "Mama, mnahama?" akauliza.

"Sisi hatuhami," nikamwambia. "Tunahamisha wapangaji."

Nikaanza kazi. Kwanza droo. Watu wanasafisha ndani ya droo, mende anataga chini yake, upande unaoangalia chini, mahali mkono haufiki. Nikazigeuza. Chini ya droo ya tatu nikapata vifuko, vile vikavu, vilivyokwisha kupasuka. Nikamwita binti yangu aone. Kifuko cha mende kinafanana na harage dogo la rangi ya kahawa, kimebanwa, na upande mmoja kina mshono kama wa zipu. Ndani wamepangwa wengi, bega kwa bega, kama viberiti kwenye kisanduku chao. Siku ikifika wanasukuma pamoja, zipu inafunguka, wanatoka weupe kama mchele. Yule mende mkubwa wa chooni anakibandika kifuko kwa mate yake mahali pa giza na kwenda zake. Yule mdogo wa jikoni anatembea nacho, kinaning'inia nyuma, mpaka karibu na kuzaliwa. Ndiyo maana ukimuua huyo na kumfagia tu kwenye kona, umepanda mbegu. Mchome, au mtumbukize kwenye maji ya moto yenye sabuni.

"Sasa nitakula tena maharagwe mimi?" binti yangu akasema, akashika tumbo.

"Utakula. Mtoto anataka."

Tukaenda hivyo hivyo. Nyuma ya kalenda, viwili. Ndani ya zile katoni za chini ya kitanda alimokuwa ameweka nguo za mtoto, kwenye vile vijitundu vya katoni vinavyofanana na mabati, vichache. Katoni zile nikazichoma zote, na nguo za mtoto tukazifua upya kwa maji ya moto ingawa zilikuwa hazijavaliwa. Kwenye bawaba za kabati, kimoja. Chini ya ukingo wa friji, kwenye mpira wa mlango, hakuna kitu, na hapo nikashangaa maana mende wanapenda joto la friji. Na karibu vyote nilivyopata vilikuwa maganda. Nikajua bado sijafika nyumbani kwao. Hapa walikuwa wanatembelea tu.

Mende akiishi mahali muda mrefu anaacha alama, vinyesi vyake vidogo kama majani ya chai yaliyosagwa. Nikaiangalia ile kabati ya sebuleni. Mbavuni mwake kulikuwa na njia ya alama hizo, imepanda juu, imenyooka, kama ng'ombe wanaoenda mtoni.

"Juu ya kabati hii kulikuwa na nini?"

Binti yangu akaangalia mlango.

"Nakuuliza."

"Ni redio, Mama. Redio ya baba mkwe."

"Iko wapi?"

"Tumeiacha ndani. Kwa meza ya dirishani... hapana, meza imetoka. Iko kwa sakafu, juu ya gazeti."

"Ilete."

Hakwenda. Kutoka nyuma ya mlango nikasikia sauti ya mkwe wangu, taratibu sana. "Mwambie mama hiyo haijawahi kufunguliwa."

Nikaambiwa habari yake. Ilikuwa redio kubwa ya zamani, ya mbao, yenye kitambaa mbele. Baba mkwe aliinunua wakati akifanya kazi kiwandani Webuye, aliipenda, hakuna aliyeigusa. Ilipoharibika aliitengeneza mwenyewe, akafunga mfuniko wa nyuma kwa mkono wake, na muda si mrefu akafariki. Siku ya harusi mjane wake akampa kijana redio ile. Binti yangu aliipokea kwa magoti. Kila siku aliipangusa vumbi kwa nje, akaibadilishia kitambaa alichofuma mwenyewe, akaiacha ikiwaka kutwa kwa sauti ya chini kama alivyopenda marehemu. Alipopuliza dawa, nyumba nzima ilipata, isipokuwa redio. Aliifunika kwa leso ili dawa isiiguse.

Mnaona? Nyumba ya msichana mwenye adabu inaweza kuharibiwa na adabu hiyo hiyo. Angekuwa mvivu wa heshima angekuwa amemaliza mende kitambo.

"Ni ya joto?" nikauliza.

"Ikiwa imewaka ni ya joto kama kuku anayeatamia."

"Basi ndiyo hiyo."

Lakini hapo na mimi nikashikwa. Mimi ni mama wa msichana. Kufungua kitu kilichofungwa na marehemu wa upande wa pili, kwa mkono wangu, siwezi. Binti yangu hawezi. Mkwe ni mtoto wa marehemu, naye anaogopa mama yake. Sote watatu tulikuwa tunaweza kuzunguka redio ile mpaka mtoto azaliwe na aende shule.

"Itoeni tu," nikasema. "Hatutaifungua. Wekeni juani kwenye kiti, kama mgeni."

Ikatolewa. Mimi nikaangalia ua, mkwe akaiweka, akarudi mbio. Nilipogeuka iko kwenye kiti mbele yangu, na kitambaa chake cheupe juu. Jua la Bungoma saa sita si la mchezo. Haukupita muda, mende wa kwanza akatoka kwenye kile kitambaa cha spika. Akasimama, akapepesa masharubu yake. Kisha wa pili. Kisha wakaanza kutoka kama watu wanaotoka ibada ya kwanza. Binti yangu akaweka mkono mdomoni. Mimi nikawa nawapokea kwa kiatu na beseni la maji ya sabuni, na kuku wa jirani akaruka ua kuja kusaidia.

Na hapo ndipo mama mkwe akafika.

Alikuwa anatarajiwa kesho yake. Lakini alikuwa amepata usafiri wa mtu wa kanisani kwao, akaona aje. Akasimama kwenye lango na kikapu chake. Akaona makochi yako nje, sufuria ziko nje, mkwe wake mjamzito amelowa jasho, mimi nina kiatu mkononi, na redio ya mume wake imekalishwa juani.

Binti yangu aliinama, akajifanya anaokota kitu. Niliona masikio yake yanatetemeka, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo kabla ya kulia.

Mama yule akaja. Akachagua kiti kimoja kati ya vile vilivyotolewa, akakipangusa kwa ncha ya leso, akaketi.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "naona mnaota jua na vyombo."

"Tunaota, mzazi mwenzangu. Karibu."

"Nimekaribia. Watu wa Kitale hawajambo?"

"Hawajambo. Mvua tu imechelewa."

Na mende akatoka. Mkubwa kidogo kuliko wenzake, anabeba kifuko chake nyuma. Akapanda juu ya kile kitambaa cheupe cha kufuma, akasimama katikati ya ua lililofumwa, mbele yetu sote. Kuku akainua shingo.

"Huyo," akasema mama mkwe, "ametoka wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ametoka nyasini. Lakini nilimwangalia binti yangu ameinama vile, na nikaona kwamba nikinyamaza yeye ndiye atabebeshwa, na atabeba maisha yake yote kwa sababu nilimfundisha kutojibu watu wazima.

"Ametoka humo," nikasema. "Kwenye redio ya mzee. Nyumba ya mtoto wako nimeipekua yote na ni safi. Wanazaliwa humo ndani, na msichana wangu hawezi kufungua kwa sababu anakuheshimu wewe na marehemu. Nimesema."

Mama yule aliweka kikapu chini. Alimwangalia yule mende mpaka kuku akamla. Halafu akaita, bila kugeuka, "Mwanangu! Uko nyuma ya mlango?"

"Niko, Mama."

"Niletee bisibisi."

"Mama, baba ndiye alifunga..."

"Mimi ndiye nilimfunga macho baba yako. Skrubu itanishinda?"

Bisibisi ikaletwa. Nikageukia ua, nikageuka tena. Alilaza redio kifudifudi kwenye mapaja yake, juu ya leso, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, na kila moja akaiweka mdomoni kama washonaji wanavyoshika pini. Alipotoa mfuniko, sote tukainama. Hata mkwe wangu alitokeza shingo mlangoni, na mimi nikajifanya sijamwona.

Vijana, nimeona mayai mengi. Pale kwenye kona za mbao, karibu na ule mtambo wa chuma unaopata joto, vifuko vilikuwa vimebanana kama maharagwe kwenye kibuyu. Vipya viko juu ya vikavu. Vizazi na vizazi. Nafikiri waliokuwa chini kabisa walimjua marehemu.

Mama mkwe akatema skrubu kwenye kiganja. "Mzee," akaiambia redio, "ulikuwa umefuga?"

Mimi sikutaka kucheka. Nilijizuia. Lakini nilisikia mkwe wangu mlangoni ametoa sauti kama mtu aliyepaliwa, na binti yangu akaanza, akashika tumbo anasema "Wui, Mama, mtanizalisha hapa," na mama yule mrefu, mkimya, akacheka mpaka akafuta macho kwa ile ncha ya leso ya kupangusia viti.

Tukasafisha pamoja. Yeye alishika mswaki wa zamani, mimi nikashika beseni. Tulikwangua polepole tusikate nyaya, kila kifuko kikaingia kwenye maji ya moto. Na huku akikwangua, akamwita binti yangu akae karibu.

"Ile siku niligeuza kikombe, uliona?"

"Niliona, Mama."

"Ukafikiri nini?"

Binti yangu akaangalia beseni.

"Niligeuza kwa sababu nilimtambua," akasema. "Hawa wadogo wenye mistari mgongoni ndio wa kwangu, wa Webuye. Niliona aibu. Nikasema moyoni, yaani hata hapa mmenifuata? Nilipangusa nyumba mpaka mikono ikachubuka na sikujua wanatoka wapi. Kumbe nilikupa wewe mama yao, nimewafunga na utepe wa harusi."

Akamwangalia vizuri. "Sijawahi kukuita mchafu. Wala moyoni."

Binti yangu akalia, lakini safari hii nilimwacha alie.

Redio ikafungwa jioni jua likiwa limepoa. Mkwe akaingiza vyombo vyote tena, kila kitu kimepanguswa, na nyufa za ukutani akaziziba kwa saruji ya dukani kwao. Akaiwasha redio. Iliongea. Ilikuwa na sauti safi kuliko zamani, maana mende walikuwa wamekaa kwenye koo lake. Mimi sikulala hapo, nilienda kwa dada yangu. Lakini kabla sijaondoka mama mkwe alinisindikiza mpaka langoni akaniambia, "Mzazi mwenzangu, ile saa yangu ya ukutani, huwa nasikia inatembea hata ikiwa imesimama."

"Basi unajua la kufanya," nikamwambia.

Mtoto alizaliwa wiki ile ile, msichana, na nyanya yake wa Webuye ndiye alimpokea. Alimpikia mama uji na kuku katika jikoni ile kwa muda mrefu kuliko alivyopanga. Binti yangu ananiambia sasa wanagombana kidogo juu ya chumvi, na nikisikia hivyo nalala vizuri. Watu wanaogombana juu ya chumvi hawana jambo lingine moyoni.

Juzi, mtu wa kutoka Webuye alipita hapa kwangu Kitale akaniachia mzigo. Wajukuu wakaubeba mbio, wakafungua karatasi. Ilikuwa saa ya ukutani, ya mbao, yenye kengele.

"Kukhu, hii saa ni noma!" mmoja akasema. "Tuitundike wapi?"

Wengine walikuwa tayari wameshika nyundo. Nikawaambia wasimame hapo hapo mlangoni, hata mguu mmoja usivuke. Nikaweka kiti changu uani, nikaitisha bisibisi, nikafungua mgongo wa saa mbele yao wote. Ndani mlikuwa safi. Mlinukia sabuni. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya, na kwenye kona mtu alikuwa amepitisha mswaki mpaka rangi ya mbao ikatoka. Nikakaa na saa ile mapajani kitambo, watoto wananishangaa. Halafu nikaifunga, nikawapa waitundike sebuleni, na nikatoa amri ambayo tangu siku hiyo inashikwa katika nyumba hii:

"Chochote kinacholetwa hapa, hata kama ni zawadi, hata kama kimeletwa na mtu tunayemheshimu, kifunguliwe uani juani kabla hakijavuka mlango. Na chochote kinachotoka hapa kwenda kwa watu, mkifungue nyinyi kwanza, mkisafishe mgongo, ndiyo mkifunge na utepe."